Mama wa Parachichi, Kodi ya Domeini na Siku 60 Nilizojitakia Mwenyewe

Mwezi wa tatu mvua ya Mbeya ilikuwa haikati, nimekaa ofisini kwangu Mafiati, ofisi ni neno kubwa, ni chumba kimoja juu ya duka la vipuri, akaingia mama mmoja mnunuzi wa parachichi kutoka Rungwe, kalowa, simu kaifunga kwenye kimfuko cha nailoni. Nilikuwa nimekubali kumtengenezea website yake upya na kumhamishia domeini yake ya .com, yaani lile jina la website, kwa msajili mwingine, kampuni inayosajili majina hayo. Nikamwambia, "Shikamoo mama, karibu. Leo nakuomba kitu kimoja tu, nahitaji kodi ya domeini yako."

"Kodi tena?" Hata kiti hajakikalia. "Mwanangu, TRA nimelipa juzi na risiti ninayo, ushuru wa halmashauri nimelipa getini, sasa hii ya domeini inalipwa wapi?"

Kosa langu. Sisi tunaoshinda kwenye kompyuta tunasema kodi kwa sababu ndivyo neno code la Kiingereza linavyotamkwa, ila kwa mtu ambaye gari lake halipiti geti bila kulipiwa ushuru wa mazao hilo neno lina maana moja tu na haifurahishi. Kwahiyo humu ntaiita namba ya kuhama, ingawa sio namba tupu, ina herufi kubwa na ndogo na alama za ajabu ajabu. We ukiingia kwenye akaunti ya msajili wako utaikuta na majina kibao, huyu kaandika auth code, yule EPP code, mwingine AuthInfo, mwingine transfer key. Ni kitu kilekile.

Nikamuuliza mama, umewahi kutuma mzigo kwa basi? Akacheka, maana anatuma kila wiki. Basi. Unapeleka maboksi yako stendi Tukuyu, karani anakuandikia risiti, unampigia mtu wako Dar unamtajia namba ya risiti, anaenda Mbezi kwenye stendi ya Magufuli, anaitaja, anapewa maboksi. Karani wa kule hamjui mtu wako, hajui kama parachichi ni zako au umeziiba shambani kwa jirani, anachojua yeye ni kwamba namba aliyotajiwa inalingana na ya kwenye boksi. Namba ya kuhama inafanya kazi hivohivo. Haisemi wewe ni nani na wala haisemi mali ni ya nani, inasema tu kwamba aliyeitaja kaipata kwa mtu mwenye uwezo wa kuitoa. Nitalirudia hili mbele maana ndo linalowaliza watu.

Sasa ili ujue namba yenyewe inakaa wapi lazima ujue kuna watu watatu kwenye hii biashara, na wengi tunadhani wako wawili. Kuna wewe mwenye jina. Kuna msajili, yaani kampuni uliyoilipa, hawa ni kama wakala wa pesa za simu, kibanda kiko kila kona lakini pesa haikai kwake. Halafu kuna rejistri, godauni lenyewe, lenye daftari moja kubwa ambamo kila jina limeandikwa mara moja tu. Daftari la .com na .net wanalo Verisign, Wamarekani. La .org liko kwa shirika linaloitwa PIR. La .tz letu, na .co.tz na .or.tz na wenzake, liko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Juu ya .com na wenzake yuko ICANN, shirika lililoanzishwa 1998 California, ambalo halikuuzii domeini lakini ndilo linatunga sheria ambazo wasajili wote lazima wazifuate.

Kwahiyo ukisema nahamisha domeini, hakuna kitu kinachobebwa. Kinachotokea ni kwamba kwenye lile daftari kubwa, mbele ya jina lako, linafutwa jina la wakala A linaandikwa la wakala B. Mstari mmoja tu. (Na mama hakukosea sana kuhusu kodi, maana domeini hununui, unapanga, mwaka kwa mwaka, na .com mwisho ni miaka 10 kwa mkupuo. Ni kodi ya pango kabisa.)

Kama ulihama mtandao wa simu bila kubadili namba, ile huduma iliyoanza hapa kwetu 2017, basi nusu ya mambo unayajua tayari. Kule unaanzia mtandao unaoenda, sio unaoutoka, na hapa ni hivohivo, unaenda kwa msajili mpya unamwambia nataka kuleta jina langu kwako. Tofauti ni kwamba kwenye simu ulitoa kitambulisho na laini yako iko mkononi, ila kwenye domeini msajili mpya yuko Arizona au Bangalore au Dar, hakujui, hajawahi kukuona, na mtu yeyote duniani anaweza kwenda kwake akadai jina lako ni lake. Hapo ndo namba ya kuhama inapoingia.

Zamani haikuwepo. Kesi inayotajwa sana ni ya sex.com, samahani kwa jina lakini ndo kesi yenyewe. Gary Kremen aliisajili 1994, mwaka uliofuata jamaa mmoja anaitwa Stephen Cohen akapeleka kwa Network Solutions, waliokuwa wanasajili .com wakati ule, barua ya kughushi inayosema kampuni ya Kremen imeamua kumwachia yeye, wakaibadilisha kwenye daftari bila hata kumpigia Kremen simu. Barua tu! Kremen alipambana mahakamani miaka kadhaa, 2001 akapewa hukumu ya dola milioni 65 ambazo kuzikusanya nako ikawa shughuli nyingine maana Cohen alishakimbilia Mexico.

Nyingine ni panix.com, hii mi naona inafundisha zaidi. Panix ni kampuni ya intaneti ya New York, ya siku nyingi, inahudumia imeili za watu. Novemba 2004 ICANN ilileta sheria mpya ya kuhama, nia ilikuwa nzuri, wasajili wengi walikuwa wanawang'ang'ania wateja, mtu anaomba kuhama wanamzungusha mpaka anachoka, kwahiyo wakasema msajili wa zamani asipojibu ndani ya siku 5 tuhesabu kakubali. Miezi miwili tu baadaye, Januari 2005, siku ya Jumamosi, Panix wanaamka jina lao limehamishiwa kwa msajili wa Australia, hawakuomba, hawakuulizwa, na imeili za wateja wao zinaelekea kusikojulikana. Wikiendi ofisi zimefungwa, wanapiga simu hakuna anayepokea, mpaka Australia walipoingia kazini ndo likarudishwa. Wakati ule .com ilikuwa bado haijaanza kutumia namba ya kuhama. Ilikuwa inaegemea kwamba msajili mpya atafanya uungwana wa kumuuliza mwenye jina. Hakuuliza.

Namba yenyewe ilikuja na mfumo unaoitwa EPP, hiyo ni lugha ambayo kompyuta ya msajili inaongea na kompyuta ya rejistri, ikaandikwa rasmi 2004. Msajili wako anaiweka namba kwenye daftari la rejistri, pembeni ya jina lako. Wewe ukitaka kuhama unaiomba kwake, unampelekea msajili mpya, msajili mpya anaituma rejistri pamoja na ombi, rejistri inalinganisha. Zikilingana ombi linapokelewa. Zisipolingana inajibu kwa kosa namba 2202, ambalo wewe utaliona limeandikwa kwa maneno, kitu kama namba sio sahihi. Likija kosa 2304 hilo ni lingine kabisa, maana yake namba haina shida ila mlango umefungwa, jina lina kufuli. Watu wanachanganya haya mawili kila siku, mtu anaomba namba mpya mara nne kumbe hajafungua kufuli.

Kufuli lenyewe kwenye rekodi ya domeini linaandikwa clientTransferProhibited, neno refu kama treni ya TAZARA, ukilikuta usiogope, ni ulinzi, karibu wasajili wote wanaliweka lenyewe na unalitoa kwenye akaunti kwa kubonyeza sehemu moja. Ila likianza na server badala ya client basi limewekwa na rejistri yenyewe, hilo hutalitoa kwa kubonyeza, hapo kuna jambo. Unaweza kuangalia mwenyewe bure, ingia lookup.icann.org andika jina.

Turudi kwa mama. Nikamuuliza domeini iko kwenye akaunti gani, akasema mi sijui mwanangu, alifanya yule kijana. Yule kijana. Kila mteja ninayempata huku nyanda za juu ana yule kijana wake. Wa mama alikuwa anasoma chuo Iringa, akamtengenezea website mwaka wa tatu wa masomo, akasajili jina kwa imeili yake mwenyewe na jina lake mwenyewe, hakuwa na nia mbaya, ilikuwa rahisi tu kwake kufanya hivo kwa sababu kadi ya kulipia ilikuwa yake. Sasa hivi yuko Mafinga kwenye biashara ya mbao. Tukampigia, akapokea na mashine ya kupasulia inalia nyuma yake, akasema anakumbuka, shikamoo mama, ila paswedi hana na ile imeili hajaifungua tangu amalize chuo.

Hapa ndo lile la karani wa basi linarudi. Kwa rekodi za msajili, mwenye domeini alikuwa kijana. Sio mama. Jina la biashara ni la mama, pesa ya kwanza ilitoka kwa mama, picha za parachichi ni za shamba la mama, lakini msajili haangalii hayo, anaangalia jina na imeili iliyoandikwa kwenye rekodi, na namba ya kuhama inatumwa huko. Angekuwa kijana mwenye roho mbaya angeiomba namba na kuondoka na jina na mfumo wote ungemsaidia vizuri tu bila kuvunja sheria hata moja ya mfumo. Bahati nzuri ni kijana wa watu. Ilimchukua siku nne kurudisha imeili yake, akaingia kwenye akaunti, akanipigia, kaka niko ndani, tufanyeje?

Na hapa ndo nikafanya kosa langu mimi, fundi, mwenye uzoefu. Nikamwambia, kwanza tuweke jina la mama na imeili ya mama ili kila kitu kiwe halali, halafu ndo tuhamishe. Nilijiona muungwana sana. Ikaja imeili moja kwake na moja kwa mama, kila mmoja athibitishe, wakabonyeza, tarehe 11 Machi jina likawa la mama. Nikaenda kufungua kufuli. Halifunguki.

Siku 60. Tangu Desemba 2016 sheria ya ICANN inasema ukibadilisha mwenye domeini, yaani jina, au taasisi, au hata imeili peke yake, jina halihami kwa siku 60. Sababu inaeleweka ukifikiria mwizi, mwizi akiingia kwenye akaunti yako kitu cha kwanza anabadilisha imeili iwe yake, cha pili anahamisha jina kwenda kwa msajili wa mbali ambako kulirudisha ni kilio, kwahiyo hizo siku 60 ni za wewe kushtuka. Msajili anaweza kukupa nafasi ya kuikataa hiyo kufuli kabla hujathibitisha mabadiliko, na kwenye ule ukurasa kulikuwa na kiboksi kabisa cha kuchagua, sikukisoma, nilikuwa naongea na simu. Baada ya kuthibitisha huwezi kurudi nyuma.

Kwahiyo kama uko kwenye hali kama ya huyu mama na kijana anakubali, hamisha kwanza, badilisha jina baadaye ukishafika. Au kama lazima jina libadilike kwanza, tafuta hicho kiboksi. Kuna 60 nyingine mbili za kujua, domeini mpya haihami siku 60 tangu isajiliwe, na iliyohama juzi haihami tena siku 60. Hizi hazina kiboksi.

Sasa mama anaambiwa asubiri mpaka tarehe 10 Mei, na domeini yake inaisha tarehe 24 Aprili. Nilimweleza kwa simu, niliona aibu kumwangalia usoni. Akakaa kimya kidogo akasema, "Kwahiyo inalipwa kodi." Ndiyo mama, inalipwa. Tukalipia mwaka mmoja kwa yule yule msajili tunayemkimbia, na pesa nikaitoa mimi, maana kosa ni la nani? Kwa bahati huo mwaka haukupotea, ukihamisha .com unalipia mwaka mmoja kwa msajili mpya na unaongezwa juu ya ile uliyobaki nayo. Unaopotea ni pale unapoacha jina liishe, rejistri inalirenew lenyewe, halafu wewe unahama ndani ya siku 45 tangu hapo, rejistri inafuta ule mwaka na kumrudishia msajili wa zamani hela yake, kama yeye atakurudishia wewe ni mazungumzo yenu.

Na usisubiri jina liishe kabisa ndo ukumbuke kuhama. Likishaisha na kufutwa linaingia kipindi cha siku 30 cha kukomboa ambapo kulirudisha ni bei ya kuumiza na kuhama haiwezekani, halafu siku 5 za mwisho halikombolewi na mtu yeyote, halafu linarudi sokoni.

Tarehe 12 Mei nikaenda tena kufungua kufuli, likafunguka. Nikamwambia mama aombe namba mwenyewe kutoka kwenye akaunti yake, nimfundishe, safari hii afanye yeye. Kwa sheria msajili ana siku 5 za kukupa namba tangu uombe, na haruhusiwi kufanya kuipata kuwe kugumu kuliko kubadilisha taarifa zako nyingine kwenye akaunti, kwahiyo ukiambiwa andika barua, piga mhuri, leta kwa mkono wakati imeili unaibadilisha kwa kubonyeza, jua unazungushwa. Huyu aliituma baada ya dakika kama 20, kwenye imeili ya mama. Mama akaikopi kwenye simu, akanitumia WhatsApp.

Nikaiandika kwenye laptop kwa msajili mpya. Sio sahihi. Nikaandika tena polepole. Sio sahihi. Nikaanza yale ya kawaida, hii ni O au sifuri, hii ni l ndogo au moja au I kubwa, maana herufi kubwa na ndogo zinahesabika, na nafasi moja ikiingia mwishoni imeharibika. Nikajaribu kila njia. Nikaanza kumlaumu msajili wa zamani kwa sauti. Nikaenda kuchukua chai, nikarudi, nikaiangalia simu, na hapo ndo nikaona kitu, ile namba ilikuwa imekolezwa, maandishi mazito kuliko ujumbe mwingine wote wa mama. Nikajiuliza, mama kajulia wapi kukoleza maandishi WhatsApp?

Hajui. Namba ilikuwa inaanza na nyota na kuishia na nyota. WhatsApp ikikuta maneno yako katikati ya nyota mbili inadhani unataka yakolezwe, inazificha nyota na kukoleza kilichopo katikati. Nyota zipo, ukikopi zinakuja, ila kwa macho huzioni, na mimi nilikuwa nasoma kwa macho na kuandika kwa vidole. Mistari ya chini inafanya hivohivo, inalaza maandishi, na kile kimawimbi kinayakata katikati. Nikaongeza nyota mbele na nyuma. Ikapita mara ya kwanza. Tangu siku hiyo namba hizi nakopi na kubandika tu, siandiki.

Na tukiwa kwenye WhatsApp, hii kitu usiitume kwenye grupu. Kufuli likiwa wazi na mtu akiwa na namba anaweza kuanzisha kuhama kutoka popote alipo. Kinachobaki kukulinda ni imeili moja ambayo msajili wa zamani anakutumia kusema kuna ombi la kuhama, kama sio wewe kataa, na una siku 5, ukikaa kimya ni sawa na umekubali. Zamani msajili mpya naye alikuwa anakuandikia kuthibitisha, ila tangu sheria za faragha za Ulaya za Mei 2018 zilipoficha imeili za watu kwenye rekodi za wazi hiyo ya upande wa pili ilikufa, hana tena anwani ya kukuandikia. Kwahiyo namba ndo imebeba mzigo wote. Ndo maana 2021 wataalamu wakatoa mwongozo kwamba namba isikae humo miaka na miaka, itengenezwe pale inapoombwa, iwe ndefu isiyokisika, ikishatumika ife. Na ICANN kuna mapendekezo iitwe TAC na iishi siku 14 tu. Mi naona siku 14 zinatosha kabisa kwa mtu anayejua anachofanya, na huku kwetu, ambako mteja anapanda mlimani Rungwe na mtandao unakata siku mbili, nazo zinatosha, mradi usiiombe kabla hujajipanga.

Je msajili anaweza kukataa? Anaweza, akiwa na sababu za kueleweka, kuna dalili za wizi, kuna ubishi wa nani hasa ndo mwenye jina, kuna kesi mahakamani au ya usuluhishi wa majina, au unadaiwa pesa ya domeini hiyo hiyo ya kipindi kilichopita au hiki cha sasa. Kudaiwa mwaka ujao sio sababu. Kwamba anaona huduma zake ni nzuri na wewe huna shukrani, sio sababu pia.

Yote haya ya siku 5 na siku 60 ni ya .com, .net, .org na wenzake walio chini ya ICANN. Za nchi kila moja ina yake. Waingereza kwa .uk kwa miaka mingi walitumia njia ya kinyume kabisa, hakukuwa na namba, wewe ulimwambia msajili wa zamani abadilishe tagi ya msajili na yeye ndo alikuwa anasukuma. Kwa .co.tz utaratibu unatoka kwa TCRA, kwahiyo muulize msajili wako mpya kabla hujalipa: muda, ada, na kama mwaka unaongezwa au hapana.

Kuna jambo moja lingine ambalo namba ya kuhama haihusiki nalo ila linaumiza kuliko yote. Kuhamisha domeini hakuhamishi website wala imeili. Website iko kwenye seva ya hostingi, imeili nazo zina seva zake, domeini ni kibao tu cha barabarani kinachoelekeza watu huko, na kile kinachoandikwa kwenye kibao kinatunzwa kwenye seva za DNS. Ubaya ni kwamba wasajili wengi wanakupa hizo seva za DNS bure ukiwa mteja wao, ukihama wanazizima. Kuna lodge moja Iringa, upande wa njia ya Ruaha, walihama vizuri kabisa, namba sahihi, siku 5 zikapita, hongera, halafu kibao kikang'olewa. Wazungu wanatuma maombi ya vyumba, imeili zinagonga ukuta, mwenye lodge anadhani msimu umekuwa mbaya. Alikuja kugundua mgeni alipompigia simu kuuliza kama wamefunga. Mi sasa kabla ya kugusa kufuli nakopi rekodi zote, za website, za imeili, zile za maandishi za kuthibitisha imeili, naziweka kwenye seva nyingine za DNS, naelekeza domeini huko, nasubiri siku mbili, nikiona hakuna aliyelalamika ndo naomba namba.

Ya mama ilimalizika tarehe 17 Mei, imeili ya kuthibitisha iliingia niko kwenye daladala natoka Uyole, nikampigia papo hapo. Akasema ndaga, ndaga fijo mwanangu, ndo asante sana ya Kinyakyusa, halafu akauliza ile kodi aitunze wapi, maana kaiandika kwenye daftari lake la mizigo isije ikapotea. Nikamwambia haina kazi tena mama, ishakufa, siku ukitaka kuhama kwa hawa wapya utaomba nyingine. Wiki iliyofuata nikaenda Tukuyu kumpigia picha za maboksi mapya akanionyesha daftari, katikati ya kilo na majina ya wakulima, kwa peni ya bluu, mwandiko mzuri wa shule ya zamani. Ameiandika bila nyota.